Siku Niliyomchukua Kaloli Ukiwa Msibani

Mpendwa Shemeji Yusta,

Shikamoo. Najua safari hii hutaitikia, lakini tangu nimuoe mdogo wako sijawahi kuanza kuongea na wewe bila kukuamkia, na sioni sababu ya kuacha sasa. Ni miezi minne tangu tukuzike kijijini kwenu Mbingu, pembeni ya kaburi la mama yenu. Mpunga umeshavunwa, barabara ya Mlimba imekauka, na mimi nimekaa barazani Jumapili hii mchana naandika. Haya nitakayoyasema mengi unayajua kuliko mimi. Nayaandika kwa urefu kwa sababu siku hizi kuna vijana wengi wanaoingia kwenye kazi yetu ya udalali wa nyumba hapa Ifakara, na nimekusudia kuwapa barua hii waisome.

Unakumbuka nilivyokuwa nilipopunguzwa kazi kiwandani? Nilikaa nyumbani miezi mitatu nikipalilia mchicha ambao ulikwisha kupaliliwa. Ukaja na baiskeli yako, ukaiegemeza ukutani, ukanitazama na jembe langu. "Shemeji," ukasema, "nguvu unazo na mdomo unao. Kesho uje ofisini."

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, chenye meza moja na mabenchi mawili. Nje kulikuwa na ubao wa rangi ya bluu ulioandikwa kwamba hapa tunauza na kupangisha nyumba. Watu walikucheka. Wakati ule nyumba ziliuzwa kwa maneno, kilabuni au nje ya kanisa watu wakitoka misa, na dalali alikuwa mtu wa kupita tu. Ulinieleza kwa nini uliamua kukaa mahali pamoja. "Mtu akiona nimemdanganya, ajue pa kuja kunitafuta."

Ulinifundisha kazi kwa miguu. Tulizunguka mpaka Kiberege na Mang'ula, wewe mbele mimi nyuma, na kila nyumba ulikuwa na maswali yale yale. Masika maji yanafika wapi? Nani analala humu ndani? Na nani hayupo kwenye haya mazungumzo ambaye angepaswa kuwepo? Swali hilo la mwisho lilinichosha. Niliona unapoteza muda, muuzaji yupo na mnunuzi yupo, tunamtafuta nani tena? Uliniambia ardhi ni ya serikali, sisi tunachouza ni nyumba na maendelezo yaliyofanywa juu yake, na ndani ya nyumba kuna watu. Nikaitikia bila kuelewa.

Baada ya mwaka nikataka kusimama mwenyewe, nawe ukanisaidia kutafuta chumba upande wa barabara ya stesheni. "Mji unakua," ukasema. "Hatutabanana." Ulikuja siku ya kufungua, ukaleta sufuria ya wali na samaki, ukala na wasaidizi wangu wawili kana kwamba ni wako.

Wasaidizi wenyewe, nisiwaseme sana, walipenda kivuli. Wewe ulikuwa na Kaloli.

Ulimchukua Kaloli akiwa fundi seremala asiye na kazi, ukakaa naye miaka mitatu. Alijua Kindamba cha kwao, alijua Kipogoro, na Kisukuma alikipata kwa kuishi na wafugaji waliokuwa wakihamia bondeni na ng'ombe wao. Familia hizo zilipoanza kutafuta nyumba mjini ili watoto wasome, zilikuwa zikifika sokoni na kuuliza, "Kaloli yuko wapi?" Hazikuuliza ofisi. Ila si lugha tu. Kaloli alijua kunyamaza. Mtu alimweleza shida zake zote naye akatulia mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu, nalo likawa ndilo lenyewe. Hilo alilipata kwako. Mimi nilikuwa nikipita mbele ya ofisi yako, nikiona watu wamejaa kwenye benchi, ninarudi kwangu nakuta wasaidizi wangu wanacheza bao. Wivu ulinianza pale, shemeji. Nilikuwa nakula kwako Krismasi huku nahesabu wateja wako kichwani.

Kisha mama yenu akafariki. Ilikuwa masika, njia imekatika sehemu mbili, tukafika Mbingu tumelowa mpaka kifuani. Nilikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi, na kila tulipochimba maji yalijaa, tukawa tunayatoa kwa ndoo. Ulinishukuru mbele ya watu. Siku ya tatu nikakuambia nina kazi mjini, ningependa kurudi, mke wangu Valeria atabaki. Hukuninung'unikia. Ulinisindikiza mpaka barabarani kwenye lori la mpunga, umejifunga kitenge cha msiba, macho yamevimba. Ukaniambia, "Ukifika pita ofisini kwangu. Mwambie Kaloli afungue kama kawaida, mimi nitakaa hapa mpaka tuanue matanga."

Hayo ndiyo uliyonituma.

Nikafika. Kaloli alikuwa peke yake anafagia. Akaniamkia, akanipa pole ya msiba, akauliza unaendeleaje. Nikampa ujumbe wako neno kwa neno. Ningeondoka hapo, barua hii isingekuwepo. Lakini nilikaa kwenye benchi.

"Kaloli," nikamwambia, "utatumwa hapa mpaka lini? Njoo kwangu. Nitakupa baiskeli mpya, na kamisheni yako itakuwa kubwa kuliko hii unayopata."

Akaendelea kushika ufagio. Ndipo nikaongeza lile ambalo mpaka leo linanichoma. "Halafu dada Yusta amechoka. Baada ya msiba huu sijui kama ataendelea na kazi."

Hukuwahi kusema hivyo. Niliyatunga pale pale, nikiwa na udongo wa kaburi la mama yenu kwenye viatu.

Kaloli akaniuliza, "Yeye anajua unaniambia haya?"

"Nitamweleza mwenyewe," nikasema.

Keshokutwa yake akafunga ofisi yako, akaacha ufunguo kwa yule mama muuza mafuta ya taa wa jirani, akaja kwangu. Wateja wake wafugaji wakamfuata wiki ile ile. Nilifurahi, sitakuficha. Nilinunua nyama.

Na haikunitosha. Nilimkalisha Kaloli chini nikamwambia anitajie kila nyumba anayoijua, kuanzia Mang'ula mpaka Mlimba, inayouzwa na inayokaribia kuuzwa. Akataja. Alipofika Kiberege akaruka nyumba moja ya bati iliyo karibu na barabara, nami nilikuwa naifahamu. Nikamuuliza mbona ile umeiacha.

"Ile iache," akasema.

Nikambana. Akanieleza kwamba mwenye nyumba alifariki, akamwacha mkewe, Mama Oliva, na watoto wanne. Ndugu wa marehemu wanataka kuiuza. Mama Oliva alikuja ofisini kwako akalia, akakuomba kwamba ndugu wale wakija usiwatafutie mnunuzi mpaka shauri lake lisikilizwe kwenye baraza la kata, nawe ukamwahidi. Ndugu walikuja, ukawarudisha.

"Hiyo ni ahadi ya ofisi ya Yusta," nikamwambia Kaloli. "Sisi hatukumwahidi mtu."

Kaloli alikataa kwenda Kiberege. Nilikwenda mwenyewe. Nikawapata wale ndugu, tukaelewana ndani ya saa moja. Mnunuzi pia nilikuwa naye, Mzee Nkwabi, mfugaji mtaratibu aliyekuwa amepanga vyumba viwili mjini na watoto wake wa shule. Tukapanga kukamilisha Jumamosi. Mama Oliva hakuwa kwenye mazungumzo, na mimi nilihakikisha hayupo.

Wewe ukarudi Alhamisi. Nakumbuka ulivyosimama mlangoni. Kaloli alipokuona aliinuka akatoka kwa mlango wa nyuma. Nikakuamkia, ukaitikia marahaba kwa sauti ile ile ya siku zote, ukakaa. Nikaanza kujieleza kuhusu Kaloli. Ukaninyamazisha kwa mkono.

"Sijaja kwa ajili ya Kaloli. Nimekuja kwa ajili ya nyumba ya Kiberege. Mama Oliva amefika kwangu asubuhi, amepanda trekta ya mpunga. Ameniuliza kwa nini nimemgeuka, nami sikujua la kumjibu, kwa sababu sikujua amegeukwa na nani."

Nikarudia yale yale niliyomwambia Kaloli, kwamba mimi sikuahidi.

"Ulijuaje kuwa niliahidi?" ukauliza.

Nikatazama mlango wa nyuma.

"Kaloli ni mtu mzima, ana miguu yake," ukasema. "Akitaka kwenda kwako aende. Umemwajiri, haya. Lakini siri za watu alizozisikia kwangu hukuziajiri. Yule mama alililia kwenye benchi langu, shemeji. Hakujua kama machozi yake yangehamia huku."

Hukupaza sauti hata mara moja. Ulipomaliza uliomba maji, ukanywa, ukaenda zako. Nilitamani ungenitukana.

Usiku ule sikusema kitu nyumbani. Ijumaa asubuhi nikamwita Kaloli tukaenda kwa Mzee Nkwabi. Nilimwambia yote, nani anaishi ndani ya nyumba ile na nini kinasubiriwa kwenye baraza la kata. Kaloli alitafsiri pale Kiswahili changu kilipokwama, maana nilikuwa nababaika. Mzee alisikiliza akiwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. Mwisho akasema, "Watoto wangu siwezi kuwalaza kwenye nyumba ambayo mtu ametolewa analia. Nitafutie nyingine. Usiponitafutia wewe, atanitafutia mwingine." Wale ndugu walikuja ofisini kunitukana mbele ya wateja, na walikuwa na haki ya kusema kwamba mimi ndiye niliyewafuata.

Shauri lilipofika baraza la kata ulikwenda na Mama Oliva kila kikao. Mimi niliitwa mara moja. Niliulizwa nilijuaje habari za nyumba hiyo nikaeleza, mbele ya majirani na mwenyekiti wa kijiji, kwamba nilizitoa kwa msaidizi niliyemchukua kutoka ofisi nyingine. Watu waligeuka wakakutazama wewe. Ulikuwa unaangalia chini. Nadhani ulinionea aibu kuliko nilivyojionea mwenyewe. Baraza liliamua mama na watoto wakae kwenye nyumba yao. Wapo mpaka leo, na Oliva sasa ni mwalimu.

Kwangu wateja walipungua. Mwezi mmoja baadaye Kaloli akaniambia angependa kurudi kwako ila anaona aibu. Nikaja mimi kukuuliza. Ulikuwa unamenya muhogo nyuma ya ofisi, ukanisogezea kigoda.

"Hapana," ukasema. "Akirudi nitakuwa namwangalia kila saa, na yeye atajua namwangalia. Hayo si maisha. Abaki kwako. Ila sasa wewe ndiye utakayemfundisha, kwa hiyo ujifunze kwanza."

Nikakuuliza kama bado una hasira naye.

"Kaloli hakunikosea kwa kuondoka. Angeningoja nirudi akaniaga, ningemfungia chakula cha njiani. Na wewe hukunikosea kwa kumtaka. Ulinikosea kwa kuingia bila kupiga hodi, nyumba ikiwa na msiba." Ukaendelea kumenya. Ukanipa muhogo nikapeleke nyumbani.

Nilikaa na maneno hayo muda mrefu nikidhani nimeyaelewa. Niliyaelewa miaka miwili baadaye, siku ulipokuja kwa ajili ya Rehema.

Rehema nilimlea mwenyewe. Alikuja hajui hata kuandika barua ya makubaliano, akafika mahali ambapo watumishi wa hospitali na walimu waliohamia walimtafuta yeye kwanza. Siku hiyo alikuwa Mang'ula kikazi, nawe ulijua hayupo. Ulibisha hodi, nikakukaribisha, tukaulizana habari za watoto. Kisha ukasema, "Shemeji, nataka kumwomba Rehema aje kwangu. Sijamwambia lolote. Nimeanza na wewe."

Nilihisi joto mpaka masikioni. Nikajua kumbe ndivyo inavyokuwa, hata mtu anapokuja kwa heshima zote. Nikakuuliza, "Na nikikataa?"

"Ukikataa nitakunywa maji yako niende. Lakini yeye naye ni mtu. Siku akisikia tulimwamulia bila kumuuliza, atatuchukia wote wawili, na hatakuwa amekosea."

Niliomba siku moja. Nilizunguka na baiskeli mpaka mtoni na kurudi, nikitafuta sababu ya kukataa isiyokuwa choyo. Sikuipata. Rehema aliporudi nikamwambia mwenyewe kwamba Mama Yusta, ndivyo alivyokuita, anamtaka, na kwamba asiniogope. Akafikiri siku mbili, akachagua kuja kwako. Alilia kidogo, mimi nikajifanya natafuta miwani.

Ulimwambia amalize kwanza kazi zote alizozianza kwangu. Alipohamia, mteja mmoja akamfuata, mwalimu aliyekuwa anatafuta nyumba ya kupanga, na kumbe mambo yake yote tulikwisha kuyaanza kwangu. Ukamrudisha. Alifika amekasirika kidogo. "Mama Yusta amesema nirudi kwa shemeji yake, ndiye niliyeanza naye. Nyie watu mna mambo." Na mimi na Kaloli tukamtafutia nyumba, nzuri tu, yenye kisima.

Tangu hapo tulifanya kazi mji mmoja bila kuviziana. Kaloli akawa mtu mzima mwenye familia. Ulipougua, yeye ndiye aliyekuwa akikupakia kwenye baiskeli kukupeleka hospitali asubuhi, na niliwaona mnacheka njiani. Sikuuliza mlizungumza nini. Baada ya mazishi baadhi ya watu walinishauri nimrudishe Rehema kwangu, nifunge ofisi yako tuwe ofisi moja kubwa. Nilikwenda kumsalimia, nikamwambia watu wanasema hivi, mimi sisemi hivyo, yeye anaonaje. Akasema anaendelea pale pale. Ubao ameupaka rangi upya, bluu ile ile, na ameajiri msichana kutoka Mlimba. Nilimsaidia kubeba meza mpya.

Limebaki jambo moja, shemeji, na ndilo lililonikalisha hapa barazani.

Valeria hakuwahi kujua. Alikuta Kaloli yuko kwangu akadhani alikuja mwenyewe. Habari za baraza zilimfikia nusunusu, nikazipunguza zaidi. Nilikuwa nasubiri uje umwambie. Kila sikukuu ulipokuwa mezani kwetu nilikuwa natafuna bila kusikia ladha, nikingoja. Ulimuuliza mdogo wako habari za kuku wake, ukawacheka watoto, ukaaga. Hukusema, mwaka baada ya mwaka, mpaka ukafariki.

Wiki iliyopita alikuwa uani anapepeta mchele, anamsimulia jirani kwamba mimi na wewe hatukuwahi kukoseana. Jirani alipoondoka nikamwambia. Nilimwambia kuhusu lori, kuhusu ujumbe ulionipa, kuhusu uongo niliomwambia Kaloli. Ungo ukatulia mikononi mwake.

"Ulitoka kwenye kaburi la mama yangu ukaenda kufanya hivyo," akasema.

"Ndiyo."

Akamaliza kupepeta. Hatukuongea siku ile wala iliyofuata. Siku ya tatu asubuhi, akiwa amenipa mgongo anakoleza moto, akaniuliza, "Na dada ulimwomba radhi?"

Nikaanza kumweleza. Nilimwambia nilivyokwenda kwa Mzee Nkwabi, nilivyosimama mbele ya baraza la kata nikaaibika, nilivyomwachia Rehema kwa moyo mmoja. Aliningoja nikamaliza yote. Kisha akageuka.

"Sijakuuliza ulifanya nini. Nimeuliza kama ulimwambia."

Nikakumbuka siku zote zile, shemeji. Kigoda na muhogo. Maji uliyokunywa ofisini kwangu. Krismasi zote, na kitanda cha hospitali, ambako nilikaa pembeni yako saa nzima nikakupa habari za bei ya mpunga. Nilirekebisha nilichoweza, nikaona tumemalizana, kumbe neno lenyewe sikuwahi kulitamka. Na wewe hukunidai.

Basi nalisema leo, na mdogo wako amekaa hapa karibu yangu ananisikia nikisoma. Shemeji Yusta, nilikukosea. Ulinituma ukiwa msibani, nikakugeuka. Nilimdanganya Kaloli juu yako. Samahani.

Valeria amesema kesho twende Mbingu, nikakuambie na kule. Nimekubali.

Pumzika, dada yetu.

Ni mimi shemeji yako,
mume wa Valeria